Barua ya Spéciose na Sheria Iliyosafishwa

Spéciose hatupi karatasi. Miaka tisa ya kambi ya wakimbizi kule Kibondo ilimfundisha kwamba asiye na karatasi si mtu. Basi mpaka leo, akiishi ughaibuni, mtaa wa Fairfield, na kuhudumia wagonjwa hospitali ya Westmead, kila barua yake inalala ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya mkoba.

Siku moja mwaka 2007 alikwenda kwenye chuo cha kilimo, nje kidogo ya mji wa Penrith, kula keki. Ndiyo, keki! Wakubwa wa chuo walikuwa wamegundua, baada ya miaka themanini na ushei, kwamba sheria ya ufadhili wao ilisema fedha ni za vijana wa asili ya Kizungu tu. Wakayafuta maneno hayo, kisha wakajipigia makofi kama waliolima heka mia. Hema, vinywaji, mpiga picha! Haya.

Aliyemwalika ni Mugambi, Mkenya wa kanisani kwake, karani pale chuoni.

"Dada Spéciose, we kuja tu. Wanataka sura zetu kwa picha, lakini wewe beba fomu yako. Hiyo ndiyo dili."

Fomu hiyo ya kuomba ufadhili ndiyo iliyompeleka. Alitaka mwaka mmoja tu wa kusomea kilimo cha mboga, akodi shamba, aachane na kugeuza wazee vitandani. Jembe alilijua tangu utotoni. Alichokosa ni cheti.

Mkuu wa chuo, bwana wa tai ya kijani, alihutubia kwamba maneno yale yalikuwa yamelala tu, hayakuwahi kumzuia mtu. Kisha akamshikisha Spéciose jembe jipya, lebo ya dukani ingali inaning'inia, wapigwe picha. Spéciose aliona kinyaa, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akatabasamu, akampa fomu.

Mkuu akaipitia, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Masharti mengine yamebaki. Mwisho ni miaka thelathini na mitano, nawe una thelathini na saba. Ungekuja mapema."

Spéciose akaweka jembe chini. Akafungua mkoba, akafungua nailoni, akatoa barua ya chuo hichohicho ya mwaka 2004: ombi limekataliwa, kwa sababu ya kifungu cha asili ya Kizungu.

"Nilikuja mapema," alisema, akaweka kidole kwenye sahihi. "Hii si ya kwako?"

Mkuu akaiangalia sahihi yake. Mpiga picha, ambaye hakuna aliyemwambia aache, akapiga.