Mzenga, Nilikoomba Tulipwe Kidogo

Nilifunga safari ya Mzenga kwa sababu ya ubishi wa nyumbani. Mdogo wangu Zuhura anatunga nyimbo na kuzipigia gitaa mwenyewe. Hana bosi wala kampuni. Nyimbo zake tano ziko mitandaoni, na kwa mwaka mzima zimemwingizia hela ya chipsi mayai sahani mbili, ya pili bila mayai. Mimi nauza viatu vya mtumba Maili Moja, hapa Kibaha, kwa hiyo mambo ya bei katika familia huachiwa mimi. Alipojitokeza bwana mmoja wa Dar aliyetaka kuzinunua nyimbo zote tano ziwe zake moja kwa moja, nilimpandisha kutoka laki mbili hadi laki tatu kwa simu moja. Nilikata simu nikijisikia kama mtu aliyeuza viatu viwili vya mguu wa kushoto na mteja akashukuru.

Zuhura hakushukuru.

"Kaka, zikiwa zake, mimi nikitaka kuziimba kwenye shughuli za watu?"

"Utamwomba ruhusa."

"Nimwombe ruhusa ya kuimba wimbo niliotunga jikoni kwa mama nikimenya vitunguu?"

Tukafikia makubaliano. Alikuwa amealikwa kuimba Mzenga, kwenye shughuli ya kumtoa mwali. Safari hiyo ikilipa, hauzi kitu. Isipolipa, Jumatatu anasaini. Na wa kusema imelipa au haijalipa ni mimi, kwani yeye akihesabu hela huimba, akafika kumi na kuanza upya.

Ijumaa asubuhi tuliondoka Maili Moja hadi Mlandizi bila la kusimulia. Mlandizi ndipo lami inapokuacha ukitaka kwenda upande wa Mzenga. Nilimkuta mwendesha bodaboda mwenye ndevu zilizokwisha kuwa na vumbi la jana, tukaanza kubishana bei. Akataka elfu kumi na tano kwa watu wawili, na elfu tano ya gitaa.

"Gitaa ni mzigo," nikamwambia.

"Mzigo hauna shingo, bosi. Hilo lina shingo ndefu kuliko yako. Mimi nahesabu shingo."

Tulimalizana kwa elfu kumi na tano, gitaa likiwa mtoto mchanga wa kubebwa. Zuhura alikaa katikati akilikumbatia, mimi nyuma na spika ya kuchaji mapajani. Ni mwendo wa mihogo na mikorosho, halafu mikorosho na mihogo, na kila gari linalopishana nanyi linawapaka rangi ya vumbi lake. Tulipovuka reli na kuingia Mzenga, watu wa nyumba yenye shughuli walitusalimia kwanza, kisha wakauliza yupi ndiye mwanamke.

Saa nane mchana tulikuwa tumenawa na kula, tukapelekwa kwa mwenye shughuli. Huyu alikuwa Mzee Pazi, mjomba wa mwali, mtu mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mdogo. Karibuni sana. Kwenye simu tulisema elfu themanini, na mambo mengine yatajulikana hapahapa."

Sasa mimi, kwa miaka yote niliyouza viatu, neno linaloniumiza tumbo ni hilo la "mambo mengine". Mteja akikwambia mambo mengine baadaye, shika kiatu chako. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba sisi hatutaki mambo mengine. Tunataka bei moja, kila kitu humohumo: kuimba mpaka chakula, spika, nauli, uchovu, vumbi.

Zuhura akanikanyaga. Nikahamisha mguu.

"Kila kitu?" Mzee Pazi akauliza. "Una uhakika?"

"Kila kitu. Laki na nusu."

Akaita watu wawili wawe mashahidi, akatoa laki na nusu yote, nikaihesabu mara mbili mbele yao. "Basi nitawatangazia watu," akasema. Nilidhani anataka kujisifu, nikamwonea fahari.

Tulipotoka nje Zuhura akanishika mkono. "Kaka, unajua ulichouza?"

"Najua nilichopata. Karibu mara mbili ya bei ya simu."

"Haya. Tutaona kesho."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, uwanja wa Mzee Pazi ulikuwa umejaa khanga. Upande mmoja walikaa kina mama tisa na ngoma zao, kundi la palepale, wakiongozwa na Bibi Mwanahawa, mama mnene asiye na meno ya mbele na asiyeyahitaji. Mbele yao palikuwa na ungo mtupu. Upande wa pili alikaa Zuhura na gitaa na spika yetu. Mwali mwenyewe, binti aitwaye Salma, akatolewa nje juu ya mabega ya shangazi yake, amepambwa, uso mzito kama alivyoelekezwa. Vigelegele vikapanda.

Mzee Pazi akasimama. "Ndugu zangu, huyu binti wa gitaa ametoka Kibaha. Nimemlipa mimi, kila kitu, mbele ya mashahidi. Asisumbuliwe. Mtu asije kumtunza, ikaonekana sikumtosheleza mgeni!"

Watu wakampigia makofi. Mimi pia nikapiga, mara tatu hivi, kabla akili haijafika.

Maana kule, kama kwetu sote huku Pwani ukisahau kujifanya wa mjini, mwimbaji hali bei, anakula tunzo. Mtu akiguswa na wimbo anakuja akicheza, anambandika noti, anarudi akicheza. Jirani yake hawezi kukubali kuonekana amekauka, anakuja na yake. Hayo ndiyo yalikuwa "mambo mengine". Nami nilikuwa nimeyauza kwa elfu sabini.

Kina Bibi Mwanahawa walianza. Noti zikashuka kwenye ungo: elfu, elfu mbili, elfu tano, nyingine zikiwa bado na joto la pindo la khanga. Kisha ikawa zamu ya Zuhura, akaimba ule wimbo wa jikoni, wa mama anayemwaga machozi na kusingizia vitunguu. Niliona wanawake wakishika pindo zao, wakafungua, wakakumbuka, wakafunga. Mama mmoja mwenye mwili wake aliinuka akicheza, elfu kumi juu kabisa ya vidole, akamwendea Zuhura taratibu kwa madaha yote. Alipobakiza hatua mbili, mwenzake akapaza sauti, "We Mama Mwajuma! Huyo kashalipwa!"

Mama Mwajuma hakukatisha hata pozi. Aligeuka na mdundo uleule, akaipeleka ile elfu kumi kwenye ungo wa Bibi Mwanahawa.

Nilikwenda kumtafuta Mzee Pazi. Nilimkuta jikoni akikagua sufuria za pilau, na pale nikafanya kitu ambacho wenzangu wa Maili Moja nikiwasimulia wanasema nimetunga.

"Mzee, nimeona ile bei ni kubwa. Nikurudishie thelathini."

"Kubwa kwa nani?"

"Basi nirudishe hamsini. Tubaki na laki, halafu watu wajisikie huru kidogo."

"Bwana mdogo, unataka nionekane nimeshindwa?"

"Sabini, mzee. Turudi kwenye themanini ya simu. Tena themanini ni nyingi. Tupe sitini."

Mpishi aliacha kukoroga. Mzee Pazi akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa elfu kumi, akanikandamizia kifuani. "Chukua hii. Sasa ni laki na sitini. Ukiniongelesha tena naongeza nyingine."

Nikatoka jikoni. Baadaye kidogo nikafikiria kumwongelesha tena, lakini aibu ikanizuia.

Saa saba pilau ilipokwisha kugawiwa, Zuhura alizima spika, akaifunga waya, akalibeba gitaa hadi kwa Bibi Mwanahawa. Nilimfuata.

"Shikamoo, bibi. Mzee Pazi kanilipa niimbe mpaka chakula. Chakula kimeliwa. Sasa mimi ni mgeni tu kama hawa wengine. Naomba kukaa na nyie."

Bibi Mwanahawa akamtazama Mzee Pazi kule mbali. Mzee akafikiri, akainua mabega. Masharti niliyomwekea mimi mwenyewe yaliishia kwenye chakula.

"Kwangu hakuna spika," akasema bibi.

"Sawa, bibi."

"Na wa mwisho kuja anashika kayamba. Ukishaijua, ndiyo utaimba."

"Sawa."

"Na kinachoingia kwenye ungo hugawiwa sawasawa kwa mikono iliyopiga." Akanigeukia. "Wewe mikono yako inapiga nini?"

"Mahesabu, bibi."

"Basi kaa kule."

Nilikaa kule. Zuhura alitikisa kayamba kwa nyimbo tatu za kwao, anakosea, wanamcheka, anapata. Wimbo wa nne bibi akamwachia. Bila spika sauti yake ilikuwa ndogo, na nilidhani itapotea uwanjani. Lakini watu waliacha kuongea ili waisikie, jambo ambalo spika yangu ya elfu tisini haijawahi kulifanya. Akauanza ule wa vitunguu, safari hii akimtia ndani Salma, akamtia mama yake Salma, akamtia bibi aliyemfunda, kila mmoja kwa jina lake. Kina mama wanane walikwisha kukishika kibwagizo tangu asubuhi, wakawa wanamjibu. Mwali, aliyekatazwa kucheka, akainamisha uso.

Mama Mwajuma akaja tena na elfu kumi nyingine, ikafika. Wakaja waliofunga pindo asubuhi. Kisha Zuhura akaimba jina la Mjomba Pazi, aliyelisha watu na hakubania, na mzee akaja mwenyewe. Mtu aliyekataa kurudishiwa hata senti, akaja anacheza na kanzu yake ya pasi, anadondosha elfu tanotano kwenye ungo, moja, ya pili, ya tatu. Nilizihesabu. Zilikuwa sita.

Jioni, jua likiwa bado lipo, ungo ulimwagwa mkekani. Bibi Mwanahawa alihesabu mara moja, mimi mara mbili, tukakutana: laki nne na elfu kumi. Mikono ilikuwa jozi kumi. Zuhura akapata elfu arobaini na moja. Kwa hiyo safari nzima, na ile elfu kumi ya kuninyamazisha, ilikuwa laki mbili na elfu moja, kabla ya nauli. Bwana wa Dar alikuwa na laki tatu. Mimi ndiye niliyepaswa kusema, na hesabu ilisema haijalipa. Nilimwambia hivyo. Alikuwa anafundishwa kibwagizo cha kina Bibi Mwanahawa.

Jumapili alfajiri tulipata lifti ya canter ya mihogo inayokwenda Kisarawe mjini, ndiyo maana tulirudi kwa njia nyingine. Dereva, Bwana Mshindo, alikuwa kwenye shughuli. Njiani akamwomba Zuhura amwingizie nyimbo zake kwenye flashi ya gari. Nikadai nauli ipungue. Akasema wasanii wengine humlipa yeye, kwa sababu anasimama Mzenga, Marui, Maneromango, na kila anaposimama redio haizimwi. Tukabishana kilomita kadhaa na kuelewana kwamba hakuna wa kumlipa mwenzake. Zuhura akarekodi na maneno machache ya kutangulia kila wimbo: jina lake, na kwa shughuli piga namba hii. Namba ilikuwa yangu.

Saa nne tulikuwa Kisarawe, tumekaa kwenye mgahawa karibu na stendi, chai na chapati nne. Simu ikaita. Bwana wa Dar, hakungoja hata Jumatatu. Amefikiri, ataongeza hamsini. Laki tatu na nusu, na anatuma leoleo.

Nilifunika simu kwa kiganja. "Laki tatu na nusu, Zuhura. Sijafungua hata mdomo na kapanda."

Alikuwa anatafuna. "Jana ule wimbo wa vitunguu umetunzwa shilingi ngapi?"

Nilipiga hesabu, nikapiga tena. Katika ile laki nne, ulioleta zaidi ya nusu ulikuwa huo mmoja.

"Ningekuwa nimeshauuza, jana Bibi Mwanahawa aliponiambia imba, ningempigia huyu kwanza nimwombe? Au tungemgawia na yeye kwenye ungo?" Akanywa chai. "Na wale kina mama wanane wanaouimba sasa hivi wakitwanga, nao wamwombe?"

Mimi ni mtu wa bei, na bei nzuri ikinipita napata homa. Lakini pia sijawahi kumuuzia mtu kiatu pamoja na mashine ya kukishonea. Nikamwambia bwana wa Dar kwamba hatuuzi. Akasema laki nne. Nikakata simu haraka, kabla sijajisikia nikimjibu.

Bajaji hadi Kiluvya, kisha gari hadi Kibaha, na saa nane nilikuwa nimefungua meza ya viatu. Nilichojifunza nawaambia bila malipo, jambo lenyewe geni kwangu: kwa msanii asiye na kampuni, bei ya kufunga ni ile ya kumfikisha na kumlisha tu. Kinachobaki kiachwe wazi, kwa sababu watu hutoa zaidi wanapoonekana wakitoa. Na wimbo wenyewe usiutoe mkononi.

Jumanne akapiga mama mmoja wa Marui. Amesikia nyimbo kwenye gari la mihogo, ana shughuli ya mwanawe, anauliza bei. Nikavuta pumzi.

"Nauli yetu na chakula, mama. Basi. Na watu waruhusiwe kumtunza."

Mama akaguna.

"Mbona rahisi hivyo? Huyo binti ana kasoro gani?"

Nilimweleza kwa urefu, hakusadiki. Ikabidi niongeze elfu ishirini ndipo akakubali kwamba Zuhura anajua kuimba.