Kaka na Kofi la Kumi na Moja

"Mama, kaka yako ana macho mazima kabisa. Mbona anatushika vichwa kama mtu anayechagua maboga?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku tuliyokwenda harusi ya binti yake kwa gari la kukodi. Tulishakaa wote, dereva amewasha injini, na kaka yangu bado anapita kati ya viti, mkono juu ya kila kichwa, hata vile vilivyosukwa jana yake kwa saa nne. Nilicheka tu, nikasema ni uzee. Mungu anisamehe, sababu nilikuwa naijua.

Kaka alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ndani kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani. Ukiazima moja, ule msumari mtupu anautazama mpaka uirudishe. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyechukuliwa kwenda na kundi la wasafiri kuvuka jangwa. Magari matatu, watu kumi na mmoja, na yeye wa kumi na mbili.

Aliporudi alinisimulia polepole, kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoka. Alisema kule hakuna mbali wala karibu. Mchanga unatambaa chini kwa chini kama moshi, na gari la mbele unaliona linaelea juu ya maji ambayo hayapo. Siku ya kwanza gari la kiongozi lilizama hadi milangoni, wakalichimbua kwa sahani. Siku ya pili mkanda wa feni ulikatika, wakafunga soksi ndefu za kiongozi, zikawafikisha jioni. Chai ilikuwa ya kutafuna.

"Leo umetia mchanga au sukari?" walimuuliza mpishi.

"Vyote viwili. Msije mkasema mimi bahili."

Mpishi huyo alikuwa mfupi, mcheshi, na walipatana sana na kaka. Kwa kuwa aliamka wa kwanza kukoka moto, safari ikianza alijilaza nyuma ya gari la pili, katikati ya mablanketi, akalala mpaka mchana. Hakuna aliyemsumbua.

Sasa walikuwa na utaratibu wao. Kila asubuhi injini zinanguruma, kaka yuko chini ya gari anakaza nati, hawezi kuwaona watu. Kwa hiyo kila anayepanda alipiga bodi ya gari kofi moja, naye akahesabu kwa sikio. Yakitimia kumi na moja, anatoka chini na kupaza sauti: "Twende!"

Siku ya nne ilikuwa na upepo. Kaka alisikia kofi la kumi, akangoja kidogo, la kumi na moja likalia. Wakaondoka.

Kumbe halikuwa kofi. Ulikuwa mfuniko wa sanduku la vyombo, ambalo komeo lake lililegea tangu juzi yake. Mpishi alishamwomba alikaze.

"Kesho," kaka alimwambia.

"Kesho yako ina ndugu wengi, fundi," mpishi akamtania.

Saa sita mchana wakasimama. "Mpishi, amka, njaa itatuua!" Kaka akafunua blanketi, chini yake akakuta blanketi jingine, na chini ya hilo, mbao za gari.

Kiongozi alitaka wasonge hadi kisimani, wakaombe msaada huko. Kaka akasema, "Nyie nendeni mbele. Mimi leo sina mbele." Akageuza gari la mwisho, akarudi peke yake. Alama za matairi upepo ulishazilamba.

Aliniambia alimwona mpishi mara nyingi. Alimwona amesimama, akawa jiwe. Alimwona anapunga mkono, akawa kichaka kikavu. Akaendesha huku anaomba, na maombi yenyewe yakageuka hesabu: kumi, kumi, kumi, haifiki kumi na moja.

Jua lilipoanza kuinama, kitu kikammulika machoni. Birika. Asubuhi mpishi alikwenda nalo nyuma ya kilima cha mchanga, anawe kabla ya kusali, na aliporudi alikuta majivu tu. Hakutangatanga. Alijifunika shuka, akakaa palepale penye moto wake, anakunywa maji ya birika kwa kifuniko, kidogo kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Fundi," alisema, "umekuja na sukari?"

Kaka alisimama anamtazama, haamini, maana siku ile masikio yalimdanganya, kisha macho nayo yakamdanganya. Mpishi akauchukua mkono wake, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Shika. Ni mimi. Hesabu sasa."

Ndiyo habari ya maboga, jirani yangu, nakujibu leo.

Miguu ya kaka imeishiwa nguvu, na sauti imekuwa ndogo, ukiwa na sufuria jikoni humsikii. Kesho kutwa tunampeleka hospitali, safari ya siku nzima. Hawezi kukaa, kwa hiyo wanangu wameng'oa viti vya nyuma, wakamtandikia mablanketi. Jana tulimtoa nje ayaone. Akayatazama sana. Nikamuuliza kama niongeze mto, akatikisa kichwa. Nikainama karibu na mdomo wake.

"Mdogo wangu, kabla hamjaondoka, nishike kichwa."