Kipande cha Kayamba

Jibu liliingia kwenye kundi letu dakika mbili kabla sijatuma swali. Najua utakalosema: simu hukosea saa. Nami nilisema hivyo hivyo, nikakusanya simu zetu zote nne, nikazilinganisha. Zinaonyesha jambo moja. Kwa hiyo nisikilize, maana haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Bongwe, alasiri ya Jumapili, jua likiwaka.

Tuko wanne. Omari hutengeneza simu Ukunda. Kevo, mtu wa bara, ni mpishi wa hoteli Diani. Mwanakombo anaishi Msambweni. Kila Jumapili tunapigiana simu ya pamoja, na mmoja wetu hutuma kwenye kundi kipande cha wimbo, sekunde saba tu. Wa kwanza kuutaja ameshinda. Anayeshika mkia huweka picha ya punda badala ya yake wiki nzima. Kevo alikuwa punda kwa wiki ya tatu.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, na nilitaka kuwakomesha. Nilichukua kaseti kuukuu ya Shangazi Mwanasiti, nikarekodi mwanzo wake kwa simu, nikaanza kukata sekunde zangu saba. Sikusikiliza zaidi. Nikiwa bado nakata, ujumbe ukaingia kutoka kwa Mwanakombo: "Usiukate. Umalize." Nilidhani anazungumzia swali lililopita. Nikatuma.

"Sasa hii ni nini, bana?" Kevo akauliza. "Mtu anapepeta mchele?"

"Punda atajuaje kayamba?" Omari akamjibu.

Tukacheka watatu. Mwanakombo hakucheka. Tulimsikia akihema, na pumzi zake zilikwenda sawasawa na mdundo wa kayamba, ilhali kipande kilikuwa kimeshakwisha. Kisha mdogo wake, Saumu, akashika simu.

"Kaka, dada amekaza macho! Namwita, haitiki!"

Mwanakombo alikuwa na mimba ya miezi saba. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Omari alimwambia Saumu aite gari la kwenda hospitali. Mimi nikakimbilia uani, kwa shangazi, aliyekuwa akikuna nazi.

Nilipomwonyesha kaseti na kumweleza yaliyompata Mwanakombo, aliweka kifuu chini.

"Mwanangu, huo ni wimbo wa pepo. Kwenye ngoma ya kayamba hupigwa wimbo mmoja baada ya mwingine, mpaka pepo aitike wake. Akishaitika, haukatwi. Wewe umemwita mgeni kisha umemfungia mlango. Haya, utie redioni, tangu mwanzo."

Tuliweka simu mbele ya redio, na kule Msambweni Saumu akaweka yake sikioni pa dada yake. Wimbo ulichukua kama robo saa. Hatimaye makayamba yakapungua, yakanyamaza, nami nikaizima redio.

"Saumu, mbona umenikodolea macho kama umeona maiti? Nipe maji. Na nyinyi, swali liko wapi?"

Alikuwa Mwanakombo. Kevo ndiye aliyeanza kulia. Baadaye alidai ni vitunguu vya hotelini.

Gari lilipofika Mwanakombo alikwenda vilevile, akapimwa, yeye na mtoto hawakuwa na neno, alhamdulillahi. Mtoto ni wa kike, sasa anatambaa. Mwanakombo mwenyewe hajawahi kuingia ngoma ya pepo, wala hakumbuki kuandika ujumbe wowote.

Bado tunacheza kila Jumapili, ila siku hizi hakuna anayetuma wimbo asioujua mwisho wake. Nawe nakuomba ufanye hivyo. Usikate usichokisikiliza. Mimi nilisikiliza kesho yake, nikiwa nimechelewa, nikaiacha kaseti izunguke mpaka utepe ukaisha. Baada ya makayamba kunyamaza, mwishoni kabisa, mwanamke anasema taratibu: "Usiukate. Umalize."

Shangazi alikuwepo ngoma ile iliporekodiwa. Nimemsikilizisha mara tatu. Sauti hiyo haijui.