Vidole vya Bibi Sindano

Jua halijapanda vizuri. Katika chumba kilicho juu ya duka la ushonaji, mwashi mmoja mzee amesimama kwa mguu mmoja, anayumba kama mlevi. Pembeni yake mwanamke mfupi mwenye suruali pana na kilemba anamwambia apumue.

"Napumua, dada. Nisingepumua si mngeshanizika?"

"Hapo unahema tu. Kupumua ni kazi nyingine."

Mwanamke huyu majirani humwita Bibi Sindano. Huwafundisha watu yoga, kisha huwalaza mkekani na kuwachoma sindano nyembamba kama unywele. Yoga kwanza, sindano baadaye. Mwili uliokazana, anasema, ni mlango uliofungwa kwa ndani, ukigonga hufunguliwi.

Humjia wenye migongo ya kubeba mizigo, wasiopata usingizi, na waliochoka tu. "Kwangu hakuna pa kunyamaza," anasema mwalimu wa shule mmoja, akivaa viatu mlangoni.

Kazi hii aliisomea chuoni ukubwani, baada ya mumewe kuondoka bila kuaga. Sindano ikifika mahali pake, anaeleza, jicho halioni. Unaizungusha kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, na nyama huishika.

"Unasikia imevutwa. Kidogo tu, kama mtoto anayekushika upindo wa nguo."

Shida ni kwamba hasikii tena.

Ganzi ya kisukari ilianzia miguuni, ikaja vidoleni. "Majuzi nilishika sufuria ya moto," anasema. "Nilijua kwa harufu."

Hakumwambia mtu. Sindano ndizo zilizokuwa zikimlipia chumba. Kwa yoga peke yake watu hawatoi kitu kikubwa, maana wanaona wamejinyoosha wenyewe. Basi akaanza kuwauliza wateja: "Imeshika?" Nao, kwa adabu, wote wakajibu imeshika. Mtu amelazwa chali, ameambiwa atulie, ataanzaje kubishana na aliyemchoma?

Sasa mwashi amelala. Bibi Sindano anapapasa chini ya goti, anachoma, anazungusha.

"Imeshika?"

Mwashi anakuna kidevu.

"Kaka, imeshika?"

"Haijashika, dada." Mwashi anatazama dari. "Hata ya wiki iliyopita haikushika. Na ya kabla yake."

"Mbona ulisema imeshika?"

"Ningesemaje? Umeinama vile, jasho linakutoka, halafu nikuvunje moyo?"

Bibi Sindano anaichomoa sindano, anaitupa kwenye kopo la taka, anakaa sakafuni. Chini, cherehani inaanza kunguruma.

"Na ulikuwa unarudi kufuata nini?"

"Nyumbani hakuna anayeniuliza kitu."

Siku hiyo hakuchoma tena. Walipumua tu, mpaka mwashi akakoroma. Mwashi alipoondoka, Bibi Sindano aliteremka ngazi akiwa ameshika ukuta, akamweleza yote mwenye duka la chini. Huyo ni wifi yake, dada wa yule mume aliyeondoka. Kaka alikwenda zake, wifi akabaki.

"Mganga hajigangi," wifi alimwambia, bila kuinua macho kwenye mshono. "Unaficha maradhi ndani ya nyumba ya dawa."

Tangu hapo bango la mlangoni limefunikwa kitambaa upande ulioandikwa sindano. Wateja wamepungua. Mwalimu wa shule bado huja. Wengine huchungulia, wakaulizia sindano, wakaondoka.

Mpango wa Bibi Sindano ni mmoja: wifi aende chuo kile kile, masomo ya jioni, apate cheti. Yoga atabaki nayo yeye, sindano zihamie mikono mingine. Ni safari ndefu, na vidole vyake havisubiri. Anachotaka ni kumfundisha ule mvuto kabla hajausahau mwenyewe.

"Mimi sindano nachoma nguo, wifi," anateta mshonaji. "Nguo haisemi inauma."

"Na watu hawasemi vilevile. Ndiko nilikopotelea."

Jioni duka likifungwa hukaa wawili juu ya mkeka. Bibi Sindano hukunja mkono wa gauni na kumpa sehemu ya chini kidogo ya kiwiko, ambako bado anasikia. Wifi anachoma, ulimi nje kama anayetunga uzi. Anazungusha polepole.

"Imeshika?" anauliza Bibi Sindano, ingawa jibu analo yeye mwenyewe, ndani ya nyama.

Wifi anasikiliza kwa vidole. Anatikisa kichwa.

"Bado, wifi."

"Vizuri," anasema Bibi Sindano. "Sema hivyo hivyo kila siku."