Baba Alivyolisafisha Tanki la Kabula

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Geita alikuwa anaosha kokoto za sakafu. Kila alipozisugua ndani ya karai zilitoa ule mlio wa mawe yanayosuguana majini, nikajikuta nimefunga dirisha, na joto lenyewe lilikuwa la kutafuta upepo kwa tochi. Mwingine akiusikia mlio ule anawaza ujenzi. Mimi nairudia nyumba yetu ya Nyahanga, pale Kahama, mwaka ambao dada yangu Kabula alilazwa sana hata mama akawajua wauguzi wote kwa majina.

Kabula alikuwa na seli mundu. Yeye ndiye mkubwa, lakini mimi ndiye niliyekuwa mrefu, na watu walipodhani mimi ndiye mkubwa alicheka akaniambia nimuamkie upesi kabla hawajazoea. Mifupa ilipomuuma alilala kwenye kochi la sebuleni akilitazama tanki la samaki. Baba alilinunua kwa mhasibu mmoja wa mgodini aliyehamishwa, aliyeuza vyombo vyake kwa bei ya kutupa, samaki wakiwa humohumo. Wageni walitutania: Wasukuma gani hawa, wanafuga samaki na hawawali? Kabula akawapa majina. Mwekundu mnene aliyewafukuza wenzake kwenye chakula aliitwa Mwenyekiti. Mweupe mwenye mkia mrefu alikuwa Bibi Harusi. Chini yao palikuwa na kokoto nyeusi zenye utelezi, na maji yalikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Hawakuwahi kuumwa hata siku moja, tofauti na sisi.

Siku moja mama alipiga simu kutoka hospitali ya rufaa Mwanza. Kabula angeruhusiwa karibuni, ila muuguzi alisisitiza nyumba iwe safi, kwa sababu mtoto yule hakuwa na nguvu ya kupambana na ugonjwa mwingine. Baba aliyapokea maneno hayo kama amri ya serikali. Alipaka kuta chokaa, akachoma godoro la zamani, akawatimua kuku waliozoea kuingia jikoni. Kisha akasimama mbele ya tanki, mikono kiunoni.

Mnapaswa kumjua baba kwanza. Maisha yake yote aliosha mawe yaliyosagwa kutafuta dhahabu. Kwake tope lilikuwa kitu cha kumwaga, mali ndiyo ilibaki. Hata hivyo hakuwa mjinga: alijua mchanga wa kazini kwao una zebaki yenye sumu, kwa hiyo hakuutaka kwenye tanki. Alipanda basi hadi kwao Kishapu, akaokota kokoto nyeupe mtoni, akazileta kwenye gunia.

Samaki waliwekwa kwenye ndoo. Baba akazichota zile kokoto nyeusi kwa kizoleo, sebule yote ikanuka kama bwawa, akazimwaga nyuma ya choo. Akaifua sponji ya pampu inayochuja maji kwa sabuni ya unga mpaka ikawa nyeupe. Zile nyeupe akazizungusha kwenye karai, kwa ule mkono wake wa kutafuta dhahabu, mpaka maji yakatoka safi kabisa.

"Baba, na samaki je?" niliuliza.

"Watanishukuru. Wewe ungependa kulala juu ya kinyesi chako?"

Nikaenda kumshikia ndoo.

Tanki liling'aa. Kesho yake Bibi Harusi alikuwa juu, akihema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Wakafa mmoja mmoja. Baba alibadilisha maji, wakazidi kufa. Miaka mingi baadaye muuza samaki wa mapambo alinieleza kwamba katika ule utelezi, na katika ile sponji chafu, waliishi wadudu wadogo wasioonekana ambao kazi yao ni kula sumu ya kinyesi cha samaki. Baba aliwaosha wote. Tanki kongwe namna ile, alisema, hubadilishwa kokoto kidogo kidogo. Nilimsikiliza nikitamani anyamaze.

Kabula alirudi amekonda, mama amemshika kiunoni. Mwenyekiti alikuwa amekufa asubuhi ile. Baba alisimama kando ya tanki, hajui aweke wapi mikono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Samaki wako..."

Kabula aliyatazama yale maji matupu, na mapovu ya pampu yakipanda. Kisha akasema, "Limependeza, baba. Sasa panaonekana hadi ukutani."

Baba aliagiza samaki wengine, nao wakafa. Mama akamwambia, "Baba Kabula, basi." Tanki likabaki na maji na mawe tu. Na Kabula, kila baba aliporudi kutoka kazini, alijigeuza kwenye kochi akaanza kulitazama tanki. Baba alipotoka, Kabula aligeukia mgongo wa kochi akalia. Mimi niliona, nikamnunia. Nilidhani anajipendekeza kwa baba, na ya Mwenyekiti ameshayasahau; machozi nikayadhania ya mifupa.

Kabula alifariki mvua zilipoanza. Msibani baba aliketi na wanaume uani, akawa anawaambia, "Mtoto yule alilipenda lile tanki nilivyolisafisha. Alikuwa analitazama kutwa." Nikafungua mdomo nimkatalie. Mama, aliyekuwa akipita na birika la chai, alinikanyaga mguu kwa nguvu zake zote wala hakugeuka kuniangalia.

Kwa miaka nilichukia kunyamazishwa. Nilikuja kuelewa nilipopata mtoto wangu, akaugua, nami nikajikuta napiga deki sakafu iliyokwisha kupigwa deki. Baba hakuwa na dawa ya kumtibu Kabula. Alikuwa na mikono tu. Na Kabula, na maumivu yake yale, alikuwa amekataa mikono ile ionekane haikufaa kitu.

Baba sasa ni mzee. Kila nikienda Nyahanga ananisimulia habari za tanki, na akifika pale Kabula alipolitazama kutwa anasita, ananitazama.

"Alilipenda," namwambia. "Alilipenda sana, baba."