Taa ya Mjomba kwa Mtani

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri kwanza, maana nataka kukueleza jambo ambalo wengi hulicheka kabla hawajalielewa. Mimi nakusanya vitu vya treni. Sisemi kila kitu cha treni. Misumari ya reli imejaa Tabora nzima, na wauza vyuma chakavu watakupa hata usivyovitaka. Ninavyotafuta mimi ni vile vilivyowahi kuwa vya watu mashuhuri kwa kupenda treni.

Mashuhuri wa namna gani? Hawakuwa watu wa magazetini. Ni wale ambao ukishuka stesheni ukaeleza mapenzi yao tu, bila kutaja jina, dereva wa bodaboda wa makamo anakuambia, "Aa, yule!" Huko Lusu alikuwapo mwalimu wa kwaya aliyekuwa akiendesha baiskeli mpaka Bukene kwenda kutazama treni ya Mwanza ikipita, kisha anarudi kufundisha nyimbo za Jumapili akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mjane wake alinipa filimbi yake. Hapa mjini, muuza kahawa mmoja alitunza tiketi za zamani, zile ngumu za kadibodi, ndani ya kopo la majani ya chai. Wanawe walikuwa karibu kulitupa. Ukiniuliza filimbi ile ina tofauti gani na nyingine, nitakujibu taratibu: nyingine zilipulizwa kwa sababu ya kazi, ile ilipulizwa kwa kupenda.

Lakini aliyewapita wote alikuwa mjomba wangu. Alikuwa fundi cherehani, relini hakuwahi kuajiriwa hata siku moja. Gadi mmoja wa treni alipostaafu alimwachia taa yake ya mkono, ile ya mafuta yenye vioo vya kuzungusha, chekundu, cheupe na kijani. Tangu hapo, treni ya kutoka Dar ilipoingia jioni, mjomba alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akiibembeza taa karibu na goti. Kioo cheupe tu. Stesimasta alimkataza vile vingine, maana vile ni amri kwa dereva. Madereva walimpigia honi. Nilipokuja mjini kutoka Ntalikwa, nikiwa mdogo, nilisimama pembeni yake nikiamini honi ile ilikuwa ya kwetu sisi wawili.

Alipofariki, siku ya kumaliza matanga, mtani wetu alifanya kazi yake. Ni mwanamke wa Kigogo, jirani wa mjomba kule Ng'ambo kwa miaka mingi. Kama hukuzoea mambo haya, sisi Wanyamwezi na Wagogo tunataniana tangu enzi za misafara ya pembe iliyokatiza kwao kwenda pwani, na msibani mtani ana ruhusa yake. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, watu wakacheka katikati ya kilio. Akichukua kitu, wafiwa hukigomboa: mnabishana, mnatukanana, mnampa kuku au debe la mahindi, naye anakirudisha. Siku ile alivaa koti la mjomba, akatwaa taa, akapita nayo uani. Tulicheka mpaka tukalia upya. Kisha mvua ikashuka, watu wakatawanyika, na kila mmoja katika ukoo akadhani mwenzake ameshaigomboa.

Miaka imepita. Reli ya kisasa inajengwa, na mimi nafurahi kama wengine. Lakini kila treni ya zamani inapopiga honi, namtafuta mjomba kichwani, na kila mara namwona kwa mbali zaidi. Nikajiambia, nikiipata ile taa, atasogea karibu.

Miezi michache iliyopita nikaenda Ng'ambo. Nilimkuta mtani barazani akipeta mchele.

"Shikamoo, mama," nikasema, sukari ya zawadi mkononi.

Hakuitikia. Alinitazama juu mpaka chini. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Mbona adabu nyingi? Mnyamwezi akiniheshimu, ana msiba au anataka kuiba."

Nikamweleza kwa utaratibu: ninavyokusanya, ninavyotunza, jinsi taa itakavyokaa salama kabatini. Kadiri nilivyoeleza, uso wake ulizidi kujifunga.

"Sina taa," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Ndipo nikaliona kosa langu. Mtani haombwi kwa heshima. Ukimheshimu unamwambia kwamba utani umekwisha, kwamba sasa yeye ni mtu baki. Nikasimama, nikachukua sukari yangu.

"Basi baki nayo, Mgogo we! Mababu zako waliwatoza wetu hongo kwa maji ya kunywa, na wewe bado unatoza!"

Ungo ukatua chini. Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa ndiyo umefika! Marahaba! Na ninyi mlipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, hata moja haikuwa yenu. Mpaka leo unazunguka kubeba vitu vya watu! Hebu rudisha sukari hiyo."

Akaingia ndani, akatoka na taa. Nikanyoosha mkono, naye akaivuta nyuma. Alishuka uani, akatundika khanga shingoni kama futi, akaegemea mguu wa kushoto, akaibembeza taa polepole. Mwishoni akaitikisa kidogo, kama mtu anayekung'uta maji mkononi.

Mtikiso ule nilikuwa nimeusahau. Nilimwona mjomba mzimamzima, amesimama mbele yangu.

"Treni ikilia naitoa hapa uani," akasema. "Wajukuu wanadhani nimechanganyikiwa. Wewe ukiifungia kabatini, nani ataibembeza? Haya, jaribu."

Nikajaribu.

"Unafukuza kuku!"

"Nitakuletea kuku, niigomboe."

"Kuku nitamla, taa sitoi. Nikifa, njoo msibani kwangu. Vaa khanga yangu, uniige, uchukue taa, wangu wakishindwa kuigomboa ni yako. Na ole wako uje na adabu."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Taa naitamani bado, ila siwezi tena kuiombea ije upesi, maana najua itakuja kwa njia gani. Kwa hiyo siku hizi nikipata nafasi napita kwake na sukari, ananitukana, ananifundisha ule mtikiso. Bado sijaupata sawasawa.

Nawe ukienda kutafuta kitu cha mpendwa wako aliyeondoka, usianze kwa kukiomba. Mwambie aliyenacho akuonyeshe jinsi marehemu alivyokishika, kisha nyamaza, utazame mikono yake.