Damu yangu nzito kama halua, mama anasema stara

Admin, nisitiri jina tu. Mengine yaache kama nilivyoyaandika, na hasira zake.

Nna miaka ishirini na tisa, naishi Al Khoudh na mama yangu, mjane. Nilizaliwa nikaitwa binti, lakini mimi ni mwanamume, na huu mwaka wa tano najidunga testosteroni, homoni ya kiume. Nilianza nikiwa nasoma nje, kwa daktari. Alikuwa msumbufu yule! Kila baada ya miezi michache nipimwe damu, presha, mafuta, ini. Nilikuwa namnung'unikia. Sasa namkumbuka kuliko marafiki wote niliowaacha kule.

Baba alipofariki nikarudi. Hapa dawa naipata kwa jamaa anayewauzia wanyanyua vyuma. Kipimo chake ni mdomo wake: "Ongeza kidogo, sheikh, mwili utapokea." Na mimi mjinga nikaongeza.

Haukupita muda kichwa kikaanza kugonga, uso mwekundu, nikipanda ngazi naona nyota. Mama akasema, "Damu imekuzidi, twende hijama." Mama anajua kila kitu. Chupa zangu za dawa anazifuta vumbi na hasemi neno. Mbele za watu sauti yangu nzito anaiita mafua.

Hijama tulifanya mtaa wa Hamriya, kwa Bi Salma. Akanibandika vikombe mgongoni, akachanja, akashtuka. "Damu gani hii, mwanangu? Nzito kama halua!" Kichwa kikapoa siku ile ile. Basi tukajifanya tumepata tiba. Kikigonga tena, hijama. Miezi minane tunakamua mgongo, na mimi narudi nyumbani kujidunga.

Wiki iliyopita mkono wa kushoto ukafa ganzi, kikombe cha chai kikaniponyoka. Ndipo tukaenda zahanati, mimi ndani ya abaya na barakoa, ndevu nimezinyoa. Daktari akasoma majibu, akakunja uso. "Damu hii inaweza kuganda ikakuletea kiharusi. Unatumia dawa yoyote? Homoni?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi. "Hatumii kitu, daktari. Dawa ya kichwa tu."

"Basi itabidi chanzo kitafutwe kwenye uboho," akasema, akaniandikia rufaa ya hospitali, Jumapili. Yaani watanitoboa mfupa kutafuta kitu kilichomo kwenye droo yangu!

Garini nikapiga kelele. "Mama, unaniua!"

Hakunitazama. "Nakusitiri, mwanangu. Likishaandikwa kwenye faili halifutiki. Utakwenda wapi? Na mie n'takwenda wapi?"

Kinachonikera zaidi ni kwamba kwa hilo la faili hakusema uongo. Sijui faili lile litasomwa na nani, na hapa mtu kama mimi anaweza kufungwa. Lakini nimechoka na hii stara! Miaka yote ananifunika watu wasinione, sasa amemfunika hata mtu pekee aliyetaka kunitibu. Nna hasira naye, nna hasira na yule muuza sindano, na zaidi nna hasira na nafsi yangu, kwa sababu mdomo ulikuwa wangu na nikaufunga.

Jana kaniambia kashanichukulia nafasi kwa Bi Salma, Alhamisi. Mkono umeanza ganzi tena, nachapa haya kwa wa kulia.

Msiniambie niache kuwa mimi, hilo sikuuliza. Nishaurini hili moja: nirudi kwa daktari peke yangu, niseme kweli, litakalokuja nilipokee? Au ninyamaze, nife nimesitirika?